Dawa Anayoipima Mwanangu

4 Februari

Kitinda mimba wangu,

Pokea kwanza salamu za nyumba nzima, kuanzia kwangu mimi mpaka kwa paka aliyezaa kwenye kapu la vitambaa na kuniharibia mita mbili za satini. Kaka yako hajambo, bado anaendesha lori la mchanga na bado hajaoa. Usiniulize kwa nini, muulize mwenyewe, mimi nimechoka kununiwa. Sare za shule nimezimaliza, mashati mia moja na arobaini. Mwalimu mkuu amesema hajawahi kuona mshono ulionyooka hivi. Nikamwambia ni kweli.

Kopo la dawa ulilonitumia nimelipata. Dereva wa basi alilileta mpaka mlangoni, nikamshonea mfuko wa suruali uliochanika bila kumwomba chochote, maana mtu anayebeba mzigo wa mwanangu ni ndugu.

Sasa tuzungumze habari ya hiyo dawa. Mwanangu, mimi nimelea watoto watatu, nimefua nepi, nimezibua mifereji kwa mkono wangu huu, lakini kitu kichafu kama huo unga sijapata kukitia mdomoni. Rangi yake ni tope la mtaroni. Harufu yake ni soksi iliyosahauliwa kwenye ndoo siku tatu. Na ladha, sijui niseme nini, ni kama mtu amelamba sakafu ya banda la kuku, halafu akasukutua kwa mafuta ya taa. Unang'ang'ania kwenye meno. Unacheua saa sita mchana kitu ulichokunywa asubuhi. Mara ya kwanza nimetema, mara ya pili nimetema, mara ya tatu nikaziba pua nikafikiria jina lako, ukashuka.

Lakini nitaunywa. Goti la kulia, lile linalokanyaga cherehani, sasa linanifanya niamke kwa awamu: kwanza nakaa, kisha nashika ukuta, kisha namtukana aliyevumbua ngazi. Kiuno nacho kimejiunga. Na kwenye lebo wameandika wenyewe: Ayurveda, unga wa mitishamba wa tiba ya kale ya Kihindi, kwa maumivu sugu ya viungo.

Mzee Kisigino, yule fundi viatu anayekaa kwenye kibaraza cha duka langu, aliniona nimekunja uso akauliza, "Hiyo takataka unainywa ya nini?" Nikamwambia, "Chunga mdomo wako, mzee. Hii inapimwa na mwanangu." Nikatoa barua yako nikamsomea pale ulipoandika: Mama, siku hizi kazi yangu ni kupima dawa. Wateja watatu walikuwepo. Nikasoma tena kwa ajili ya aliyechelewa kuingia.

Ndiyo maana sijali kwamba simu zenu wanazikusanya getini na mnarudishiwa mwisho wa mwezi. Simu ukikata imekwisha. Barua naisoma dukani hadi ikatike kwenye mikunjo.

Mama yako mwenye goti

2 Machi

Mama mpenzi, shikamoo.

Nimefurahi kusikia habari za nyumbani, hata za paka. Mimi sijambo. Bweni letu lina vitanda nane na dirisha moja, ila dirisha liko upande wangu. Chakula ni kile kile lakini kinashibisha. Mwambie kaka namsalimia na simuulizi kitu.

Kazi inaendelea. Tuko wasichana kumi na wawili kwenye chumba cha kufungashia, tumefunga vitambaa puani kwa sababu ya vumbi. Bosi tunamwita Daktari kwa kuwa anavaa koti jeupe.

Mama, kuhusu kazi yangu, si kubwa kama unavyoifikiria. Mimi napima tu. Usinisifu sana mbele za watu.

Nakutumia kopo la pili. Kunywa nusu kijiko, usizidishe. Na kama unaona linakuchukiza sana, acha, sitakasirika.

Mwanao

28 Machi

Kitinda wangu mnyenyekevu,

Barua yako niliisoma mbele ya watu tisa. Ulipoandika "mimi napima tu", jirani wa mlango wa bluu alisema, "Huyo mtoto hana majivuno kabisa, amerithi kwa nani?" Watu wakanitazama, wakacheka. Nilicheka nao, siku hizi sikasiriki hovyo.

Kaka yako amepata mchumba. Muuza maua. Ana vidole vyembamba na hajui kushona hata kifungo, lakini ana adabu.

Sasa sikiliza. Maumivu yamekwisha. Sisemi yamepungua, nasema yamekwisha. Siku ya nne ya kopo la kwanza niliamka nikasimama, mara moja, kama mtu aliyeitwa kupokea zawadi. Nimepanda ngazi za ofisi ya kata mpaka juu kupeleka suti ya karani, nikashuka, nikapanda tena kwa kuwa nilisahau tai yake. Nakula sahani mbili. Mashavu yamejaa, uso umeviringika, kila ninayekutana naye ananiambia nimependeza, nimekuwa mama wa mjini. Nguo zangu mwenyewe nimezipanua kiunoni, na safari hii sioni aibu.

Ladha haijabadilika, usije ukadhani. Juzi niliukuta ukiwa na kitu kama unywele. Nilikitoa, nikautazama ule unga, ukanitazama. Nimeuchanganya na asali, asali ikaharibika. Nimeuchanganya na maji ya limau, ukatoa povu la kijivu lililonikumbusha sinki la hoteli. Lakini ndivyo dawa ya kweli ilivyo, kitu kinachotapisha namna hii hakiwezi kuwa cha bure. Kingekuwa kitamu ningekitilia shaka.

Mzee Kisigino nimempa robo ya kopo. Wewe unajua mgongo wake ulivyokuwa, akiinuka anabaki na umbo la kiti. Siku ya tano alinyooka mpaka kofia yake ikagusa waya wa nguo. Amefurahi hata kliniki ya kisukari ameacha kwenda, anasema mwili ukishapata dawa iliyopimwa vizuri hauna haja ya kupanga foleni. Na akina mama wanne wanataka. Nimewaambia watulie, nina mtu ndani.

Nitumie makopo sita. Nawaambia wote: si dawa ya barabarani, mwanangu ndiye anayeipima, kopo kwa kopo, kwa mikono yake.

Mama yako, mpanda ngazi

9 Mei

Shikamoo mama.

Samahani kwa kukaa kimya. Makopo niliyatuma kwa dereva mwanzoni mwa mwezi uliopita, nafikiri yamefika. Nimefurahi kuhusu kaka. Muuza maua ni kazi nzuri, haina vumbi.

Mama, makopo mengine siwezi kutuma kwa sasa. Yamekuwa adimu.

Nataka kukuuliza mambo na unijibu ukweli, si kama unavyowajibu wateja. Uso wako bado unajaa? Miguu inavimba? Ukijigonga kidogo tu, unapata alama ya bluu? Unaamka kwenda haja ndogo mara ngapi? Mzee Kisigino amerudi kliniki? Kama hajarudi, mwambie arudi, mwambie nimesema mimi.

Na swali jingine. Hii barua nayo utaisoma dukani?

Mwanao

24 Mei

Binti yangu,

Nimeisoma dukani, ndiyo. Ningefanya nini, watu walikuwa wamekaa. Nilipofika kwenye haja ndogo nikaruka mistari miwili, jirani wa mlango wa bluu akagundua kwamba macho yangu yameshuka mbali kuliko sauti.

Kaka yako hajambo.

Sijakuelewa, mwanangu. Makopo sita yalifika, niliyagawa siku hiyo hiyo, nikabaki na langu moja. Sasa unasema yamekuwa adimu. Adimu kwa nani? Mpishi hakosi chakula jikoni kwake. Watu wameanza kuniuliza kama nimegombana na mwanangu. Jirani amesema hadharani kwamba watoto wakishapata cheo wanasahau njia. Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika.

Umeuliza maswali ya daktari, nami nitakujibu kama ulivyoomba. Uso ni sinia. Macho yamebaki madogo katikati. Mikono ina alama za bluu nisizojua zimetoka wapi, pengine ni meza ya kukatia. Miguu haiingii kwenye viatu vya kanisani. Mzee Kisigino hajarudi kliniki, nilimwambia umesema, akanijibu, "Aliyenipimia dawa ananirudisha kliniki ya nini?" Anakunywa maji jagi zima kabla ya saa nne asubuhi.

Na hili sikutaka kulisema. Kopo langu liliisha. Siku ya tatu bila huo unga nililala chini kama nguo iliyoanguka kwenye kamba. Kutapika, kizunguzungu, goti na kiuno vimerudi na ndugu zao. Nilitia maji kwenye kopo tupu nikalikoroga kwa kidole nikayanywa yale maji machafu, mimi, fundi ambaye wake za wakubwa wananisubiri kwenye benchi. Halafu nikamwomba Mzee Kisigino vijiko vitatu, nikasimama.

Siupendi. Nauchukia kuliko siku ya kwanza. Nikiona kopo nakunja uso, na mkono unaenda wenyewe. Kwa hiyo usinipe maswali, nitumie dawa.

Mama yako

5 Juni

Mama, hii soma peke yako.

Shikamoo. Naandika haraka, dereva anaondoka mchana, na habari za huku nitazisema zikiisha hizi.

Usiache huo unga ghafla. Usinywe na kukaa nyumbani, na usiache na kukaa nyumbani. Chukua kopo, nenda hospitali leo, waambie una miezi minne unakunywa na ulipoacha siku tatu ulianguka. Mzee Kisigino aende na wewe, yeye hasa. Na wale mama wanne.

Sasa nikwambie. Mama, mimi napima kwa mizani. Meza yetu ina mizani ya bluu na sahani ya bati. Natia unga, sindano ikifika gramu mia mbili namwaga kwenye kopo, mwenzangu anafunga, mwingine anabandika lebo. Hiyo ndiyo kazi yangu yote. Kilichomo ndani sijawahi kukipima, wala sijui kinapimwaje, wala hapa hakuna mtu anayejua. Nilipoandika "napima dawa" nilidhani utanielewa. Uliponijibu nikaona umeelewa kingine, na nikaona ulivyofurahi. Niliandika "napima tu". Hiyo "tu" ndiyo niliyokuwa na ubavu wa kuisema.

Mwezi wa nne mbeba magunia aliumwa nikatumwa chumba cha kuchanganyia. Kabla ya hapo hatukuruhusiwa kuingia. Unga ulikuwa umelundikwa sakafuni juu ya turubai, wanaume wawili wanaukoroga kwa koleo, pekupeku. Kwenye kona kulikuwa na kinyesi cha panya na hakuna aliyehangaika kukikwepa. Mmoja alinichekea akasema, "Kila kitu kina uzito, dada." Kisha akachukua ndoo ya vidonge, vyeupe na vya waridi, vidonge vya dukani, mama, akavimwaga kwenye mashine ya kusagia. Nikauliza ni vya nini. Akanijibu, "Unadhani majani yanaondoa maumivu kwa siku nne?" Mizizi ya kweli imo kidogo, ya kutoa harufu.

Nilitapika kwenye bomba la nje. Halafu nikaosha uso nikarudi kupima, kwa sababu mwisho wa mwezi ulikuwa mbali, na kwa sababu ningekuandikia nini wakati barua zangu zinasomwa kwa sauti? Mwezi mzima nilifanya hivyo. Hilo ndilo linalonichefua, kuliko panya.

Nilificha vidonge vinne kwenye soksi nikampelekea mfamasia wa zahanati. Amesema vyeupe ni vya maumivu. Vya waridi ni vya nguvu sana, vinatuliza uvimbe, vinatolewa na daktari kwa siku za kuhesabu. Ukivinywa muda mrefu vinajaza uso, vinapandisha sukari, na mwili unasahau kujitegemea. Ndiyo maana ulianguka. Aliponiambia vinapandisha sukari nilimkumbuka Mzee Kisigino, ndipo nikakuandikia yale maswali.

Nimeacha kazi. Simu yangu wameizuia getini, na namba zote zimo humo. Nimeandika maelezo kwa watu wa afya, wameyapokea, wamegonga muhuri. Nalala kwa rafiki. Sijui nitakuja nyumbani na uso gani.

Mwanao

1 Julai

Mwanangu,

Nyumba nzima haijambo, isipokuwa wagonjwa nitakaowataja.

Juu ya barua umeandika "Mama, hii soma peke yako". Na mimi nilisoma hilo kwa sauti. Kinywa kilishazoea. Watu wakacheka, jirani wa mlango wa bluu akasema umepata mchumba, soma mama, soma. Kisha nikafika "nenda hospitali", nikadhani ni ushauri wako wa kitaalamu, nikapandisha sauti. Nilisoma mpaka mizani, mwanangu. Nilisoma mpaka gramu mia mbili.

Mzee Kisigino alikuwa ameshika kiatu cha mtu, sindano imeingia nusu. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Kwa hiyo hakuna aliyeipima." Hakusema kwa ukali. Alimalizia mshono, akakata uzi kwa meno, akaweka kiatu chini, akajaribu kuinuka, na hapo ndipo tulipoona mguu wake. Alikuwa akiuficha ndani ya soksi mbili. Kidonda kwenye kidole kidogo, kimekuwa cheusi. Harufu yake sitaisema. Nilitukana sana ladha ya ule unga, kumbe sikujua harufu ni nini.

Kaka yako alitubeba kwenye lori, mimi, mzee, na akina mama wawili. Wale wengine wawili walikataa, wanasema daktari anaionea wivu dawa inayofanya kazi. Nimewafuata majumbani mara tatu. Mara ya tatu mmoja alinipa kopo kwa kulirusha. Huyo mwingine bado anakunywa.

Daktari ni binti mdogo, angeweza kuwa mteja wangu wa sare. Alipaka unga kidogo kidoleni, akaunusa, akauliza nani alinipa. Mimi, ambaye jina lako linanitoka hata nikipiga chafya, sikukutaja. Nilisema, "Nilijitafutia mwenyewe." Usinishukuru, sikulisema kwa ajili yako tu. Nilisikia aibu, na aibu ile ilikuwa yangu. Wewe uliandika "tu", nami nikaipitia kama mtu anayepita juu ya uzi. Nilitaka mtaalamu. Ulinipa msichana anayefanya kazi kwenye vumbi akiwa amefunga kitambaa puani, nami huyo sikumtaka, nikamshona upya mpaka akakaa ninavyopenda.

Nimepewa vidonge vya kunywa nikipunguza kidogo kidogo kila wiki, ili mwili ujifunze tena. Vidonge vyenyewe havina ladha yoyote. Ajabu, hilo nalo linanichefua.

Mzee Kisigino wamemwondoa kidole. Sukari ilikuwa imepanda mpaka muuguzi alirudia kusoma mashine. Nilimpelekea uji, nikakaa, nikaupuliza upoe. Yeye akaanza, "Fundi, usinitazame hivyo, nilikunywa kwa mdomo wangu." Kisha akasema, "Ila yule mtoto amechelewa." Nikamwambia ndiyo, amechelewa. Sikukutetea na sikukulaumu. Nakuandikia ili ulijue kutoka kwangu kabla hujalisikia kibarazani, maana alilisema kwa upole na litakuuma zaidi ya matusi.

Sasa jambo la mwisho, na hili hakuna aliyelisikia dukani, mlango nimeufunga. Makopo yote niliyokusanya nilimkabidhi daktari. Kasoro moja. Lile alilonirushia yule mama lilikuwa bado na unga mwingi, nikaliweka chini ya vipande vya bitana, vile vitambaa vya ndani ya makoti, nikamwambia daktari ni hayo tu. Sijalinywa. Lakini goti limerudi, mwanangu, limerudi lote, na kila asubuhi najua liko wapi lile kopo kama ninavyojua mlango uko wapi. Jana nililifungua. Najua yale maguu yaliyokanyaga humo, najua panya, najua kidole cha Mzee Kisigino. Nilinusa, nikakunja uso kama siku ya kwanza, mate yakanijaa mdomoni, na si mate ya kutapika.

Nimejaribu kulimwaga. Nilifika nalo mpaka chooni, nikasimama, nikarudi nalo. Kaka yako siwezi kumwambia, anioneje. Wateja ndiyo kabisa.

Basi usiulize utakuja na uso gani. Njoo na huo huo. Panda basi la Jumamosi, usipitie kwa mtu, ingia kwa mlango wa nyuma. Liko chini ya bitana nyeusi, upande wa ukutani. Litoe ulimwage wewe, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo naona, na nikikuambia acha kwanza, usinisikilize.

Mama yako